Hesabu ya Safari ya Kolo

Nimeiandika kwenye daftari la kazi, upande wa nyuma,
kule ambako mkaguzi hafiki:
Posho ya kusimamia mtihani, elfu themanini.
Toa deni la mkaa kwa mama Chilewa, elfu tisa.
Nikapiga mstari, nikamwita Sechelela:
Jumamosi tunakwenda kuona.
Kuona nini? Sijui vizuri, nami sijawahi.
Miaka kumi na sita naandika ubaoni
"michoro ya miambani ipo Kondoa",
watoto wananakili, nawapa vema,
na Kondoa yenyewe iko hapo, mkono ukinyoosha.

Nauli ya mtu mzima. Nauli ya mtoto:
kondakta alimpima kwa macho, akasema huyu ana kiti chake.
Nikalipa kiti. Hilo halikuwamo.
Mayai sita ya kuchemsha, chumvi ndani ya karatasi,
viporo vya viazi vitamu, dumu la maji ya bombani:
hayo nimeyaandikia sifuri, kwa fahari.
Makutupora mizabibu imefungwa kwenye nyaya
kama darasa lililoadhibiwa kunyoosha mikono.
Meia Meia. Chemba. Ardhi dirishani
ikaanza kuiva.

Kondoa tulilala gesti, kitanda kimoja, miguu kwa vichwa.
Mwenye nyumba alitupunguzia elfu mbili
kwa sababu taa imeungua.
Gizani Sechelela akauliza, "Mama, tumetoroka?"
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kolo, asubuhi. Ofisini kuna bei mbili,
ya mgeni na ya mwananchi.
"Kitambulisho, mwalimu."
Kipo Dodoma, kwenye mkoba wa shule.
Nikapekua, nikatoa mayai, nikatoa chaki,
nikatoa chaki nyingine.
Tofauti ya bei zile mbili ndiyo nauli yetu ya kurudi.
Sechelela, asiye na habari na nauli,
akachungulia dirishani: "Mbukwenyi!"
Dada wa tiketi, Zaituni, Mrangi wa palepale,
akaangua kicheko mpaka risiti zikapeperuka.
"Mgogo wa kughushi hasalimii hivyo."
Akakata mbili, za mwananchi.

Gari la kukodi lilitaka bei ya mbuzi mzima.
Tukabanana kwenye bodaboda hadi mlima unapoanzia,
kisha magoti, kisha mikono,
Zaituni mbele na kandambili zake, hahemi.

Nilitarajia wakubwa, kama kwenye kitabu.
Ni wadogo. Wembamba, wekundu, vichwa kama vichaka,
wamesimama mwambani kana kwamba basi lao limechelewa.
Mmoja wa katikati ameshikwa mikono pande zote.
Wapo wanaosema anatekwa, akasema Zaituni,
wapo wanaosema anachezwa ngoma.
Chagueni.

Maelezo yangu ya ubaoni yalinikaukia mdomoni.
"Mama, aliyechora alilipwa posho?"
"Sijui."
"Alikuja na mtoto wake?"
"Sijui," na mara hii neno lile halikunichoma.
"Basi tazama ule wa chini. Uko usawa wangu."
Kweli. Kistari chekundu, kisicho na mnyama wala mtu,
kimepinda kidogo, usawa wa bega lake.
Zaituni akainama, akakitazama muda mrefu.
Hakuwa na la kusema, na hakulitafuta.

Ndani ya basi la kurudi nimefungua daftari nifunge hesabu.
Kalamu yangu nyekundu haipo.
Sechelela amelala, kidole kina wino,
na juu ya Jumla, juu ya Salio, juu ya deni la mkaa
wamesimama watu wawili wembamba,
mrefu na mfupi, vichwa vichaka,
wameshikana mikono; hakuna anayemvuta mwenzake.
Nimetafuta pa kuandika mia nane zilizobaki.
Nafasi hakuna.
Nimezitia mfukoni hivyo hivyo,
zinagongana na chaki kila tunaporuka tuta.